Tanki jeusi la lita 1000 kutoka mtaa wa Birere, Goma: maji yangu hayaoti mwani tena

Nafundisha biolojia sekondari hapa Goma. Nyumbani kwetu Himbi bomba likikauka tunaishi kwa maji ya mvua kutoka kwenye bati na mabidoni (madumu) ya maji ya ziwani. Tanki hili nimelitumia masika hadi kiangazi, na nalisifu kwa moyo wote.

Sababu ni giza lake. Mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga, hewa ya ukaa na virutubisho, hasa nitrojeni na fosforasi. Bati letu halikosi virutubisho: vinyesi vya ndege, vumbi, majani yaliyooza. Chembe za mwani wenyewe huletwa na upepo, nani atazizuia? Tunachoweza kuunyima ni mwanga. Jirani yangu ana tanki jeupe linalopenyeza jua. Mvua ni ileile, lakini kwake kuta za ndani zina utelezi wa kijani. Kwangu ukipitisha kidole hakishiki kitu.

Ila njoo uone kamrija kaangavu ka ubavuni, kale ka kuonyesha maji yamefika wapi. Maji yake yanatoka ndani ya tanki hilihilo, na bado kaligeuka kijani upesi, tena upande unaotazama jua ukawa mzito kuliko ule wa ukutani. Niliwaita wanafunzi wakaone kwa macho yao. Somo zima la usanisinuru limo mle. Kisha nikakazungushia mpira mweusi wa tairi la baiskeli. Mtengenezaji angekapaka rangi tangu mwanzo, akaache mstari mwembamba tu wa kuchungulia.

Muuzaji aliniambia sitahitaji tena dawa ya maji. Hapo nampinga kabisa. Giza halikiui kijidudu cha kipindupindu, na ugonjwa huo tunaujua mji huu. Faida iko kwingine: klorini, yaani dawa hiyo ya maji, ikikuta mwani, huishia kupambana nao kabla ya kuvifikia vijidudu. Tena mchana mwani unapofyonza hewa ya ukaa, pH ya maji (kipimo cha uchachu wake) hupanda, na klorini hupungua nguvu. Kwa hiyo weka dawa kama kawaida. Katika maji yasiyo na mwani itafanya kazi yake vizuri zaidi.

Kifuniko hakikazi. Mbu hupita, na mwanga pia, basi nimefunga kitambaa cheusi kizito juu yake. Robine, yaani bomba la kutolea maji, iko chini mno, inavuta tope. Mwambieni fundi aipandishe kidogo kabla hamjalijaza. Na kwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto, litafutieni kivuli.

Nililipa dola 140, nikapatana na mwenye chukudu (kigari cha mbao cha kubebea mizigo) kando. Kwa bei hiyo ningelinunua tena, mradi wabadilishe kile kifuniko.