Kutambua okidi adimu ya North Dakota kwa simu: uzoefu wangu na iNaturalist

Kiukweli iNaturalist, apu ya kutambua mimea na wanyama kwa picha, ni ya bure na bado imeipita mbali apu moja ya kulipia kila mwezi, jina naliacha. Hiyo ya kulipia niliionyesha okidi ya porini ikaanza kunipa maelekezo ya kumwagilia na kubadilisha chungu, yani imeona ni ua la sebuleni!

Ua lenyewe kisayansi ni Platanthera praeclara, okidi nyeupe ya mbuga za nyasi, na Marekani wameliweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini tangu 1989. Mi naishi Fargo, mji wa hapo North Dakota, ukiendesha kuelekea kusini magharibi unafika Sheyenne National Grassland, kuna vilima vya mchanga na katikati vibonde vinavyotuamisha maji, sasa humo vibondeni ndo linaota, linachanua mwishoni mwa Juni kuingia Julai. Mbu wa huko usiwadharau, mi nimekulia Kigoma na bado walinikomesha.

Picha ya mbele ndo kila mtu anapiga, na ni nzuri kweli, mdomo wa ua umegawanyika vipande vitatu na kila kipande kina matamvua kama ya kikoi. Ila haitoshi. Apu ilileta majina mawili juu kabisa, praeclara na leucophaea ambalo ni ndugu yake wa mashariki, na kwa picha ile tu hata mimi sikuona tofauti. Piga na ubavuni, utaona kimrija kirefu chembamba kinaning'inia nyuma ya ua, ndo kina nekta, kinafika sentimita 4 mpaka 5 hivi, halafu sogea karibu upate katikati ya ua pale vinapokaa vifurushi vya chavua. Kwenye hili la magharibi, yani praeclara, vifurushi vimeachana, nondo akija usiku kunywa vinamganda machoni, lile la mashariki vinamganda kwenye ulimi wake. Nikapandisha picha zote kwenye rekodi moja, akatokea mtu anayezijua okidi akathibitisha na akaniandikia kwa nini, na hapo ndo utamu wa hii apu, kompyuta inakisia tu halafu binadamu wanakuja kubishana mpaka zaidi ya theluthi mbili wakubaliane.

Kitu kingine, mimea adimu kama hii ramani yake iNaturalist wanaificha wenyewe, wengine wanaona kiboksi kikubwa tu cha digrii 0.2 kwa 0.2 ila wewe mwenye rekodi unapaona penyewe. Safi sana, maana kuna watu wakijua lilipo wataenda na koleo, na mbegu zake hazioti bila kuvu maalumu wa udongoni kwa hiyo kulirudisha likishang'olewa si mchezo.

Watoto wapakulieni apu ya Seek, imetoka kwa watu haohao, haitaki akaunti.

Naipa nyota 4 na nusu. Mtandao huko mbugani ni wa kubahatisha, kwa hiyo washa lokesheni ya kamera, piga picha, upandishe ukifika nyumbani, na vaa buti za mpira. Ukienda mwaka wa ukame ukakuta nyasi tupu usishangae, linaweza kulala chini ya ardhi msimu mzima bila kutoa hata jani.