Taksi, boda, pikipiki yako au nyumba ya shule: tathmini ya njia za mwalimu kufika kazini, barabara ya Bombo

Mwalimu wa Kiswahili anayeishi Bombo, Uganda, kaskazini mwa Kampala, leo ana nafasi ya kuchagua. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2, miaka miwili ya kwanza ya sekondari, na kwenye barabara hii shule zimepangana kutoka Bwaise hadi Luweero. Kinachomsumbua mtu ni kuamua: shule ya jirani yenye mshahara mdogo na madarasa yaliyofurika, au ya Kawempe, pembeni mwa Kampala, inayolipa zaidi lakini inataka nauli mara mbili kila siku? Tumepima njia nne ambazo walimu huzitumia, kwa kigezo kimoja tu: unabaki na nini mfukoni na mwilini muhula ukifungwa.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tuseme shule ya jirani inatoa shilingi 600,000 kwa mwezi na ya mbali 800,000. Laki mbili si haba. Lakini PAYE, kodi ya mshahara, huanza kukata mshahara ukivuka 235,000, na kila shilingi inayozidi 410,000 hukatwa asilimia 30. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, nayo huchukua asilimia 5 ya mshahara wote. Mwenye 600,000 anaondoka na 488,000. Mwenye 800,000 anaondoka na 618,000. Zile laki mbili zimekuwa 130,000. Sasa weka nauli ya 3,000 kwenda na 3,000 kurudi kwa siku 22: ni 132,000. Nyongeza yote imekwenda kwa kondakta, na hata rolex moja ya njiani (chapati iliyoviringishwa na mayai) hujanunua. Shule ikiwa na masomo ya Jumamosi kwa S4 na S6, siku zinakuwa 26 na nauli 156,000.

Wengi huishia hapo na kuchagua jirani, nasi tunaona wamekata hesabu mapema. Shule nyingi za binafsi hulipa miezi ya masomo tu. Likizo ni juu yako. Kama ya jirani inalipa miezi 9 na ya mbali inalipa 12, jirani inakupa 4,392,000 kwa mwaka. Ya mbali inakupa 7,416,000. Toa nauli ya miezi 9 ya masomo, 1,188,000, unabaki na 6,228,000. Tofauti ni 1,836,000, na kilomita hazikuhusika hata kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkuu wa shule liwe hili: mnalipa miezi mingapi? Halafu, NSSF mnapeleka? Mwajiri anatakiwa kuongeza asilimia 10 juu ya ile 5 yako, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anawajibika. Shule inayokuambia "sisi hatukati chochote" kwa mshahara wa 600,000 inakunyima akiba ya 90,000 kila mwezi, 60,000 kati yake ikiwa ni pesa yake. Ikikata, angalia salio lako la NSSF kwa simu baada ya mwezi wa pili. Makato yaliyoandikwa kwenye hati ya mshahara yasipoonekana huko, ujue yanakaa kwenye droo ya mtu.

Taksi

Asubuhi, kwa anayepanda Bombo, basi hili dogo ni huduma nzuri. Abiria 14 hujaa haraka kukiwa bado giza kwa sababu wafanyabiashara wanawahi Kampala, na viti havigombaniwi kwa kuwa hapo ndipo gari linapoanzia. Kutoka hapo hadi Kawempe ni kama kilomita 28, lakini safari ya saa kumi na moja na nusu na ile ya saa kumi na mbili na nusu hazifanani hata kidogo. Ya pili inakutana na msongamano unaoanzia mbele ya Matugga na kukaza kadiri unavyokaribia mjini. Abiria anayeshukia Kawempe mara nyingi hutozwa nauli ile ile ya anayefika Kampala, kwa kuwa kiti hicho hakijazwi tena kwa bei ya maana. Patana kabla ya kupanda. Ukishakaa, kondakta hana haja ya kukusikiliza.

Tatizo liko jioni. Taksi za kwenda Bombo hutoka mjini zikiwa zimejaa, na zinapita Kawempe bila hata kupunguza mwendo. Yenye nafasi huwa inaishia Matugga, na hapo unaanza upya. Waliozoea hurudi nyuma: wanapanda gari la kuelekea mjini hadi Bwaise au Kalerwe, wanakamata kiti huko, kisha wanapita tena mbele ya lango la shule yao. Ni jambo la kuchekesha ukilitazama kutoka dirishani, lakini linagharimu nauli ya tatu. Ikiwa ni 1,000, hiyo ni 22,000 kwa mwezi ambayo hesabu ya "nauli mara mbili" haikuiona. Njia nyingine ni kubaki shuleni ukisahihisha hadi saa moja usiku magari yapungue, na hapo ndipo ubora wa chumba cha walimu unapogeuka kuwa sehemu ya usafiri: kuna meza? Kuna taa? Kuna kabati linalofungwa?

Mvua ndiyo kasoro ya pili. Bwaise hufurika, magari yanakwama, na nauli inapanda kabla maji hayajapungua. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, iko katikati ya mihula, kwa hiyo usiihesabu kama dharura. Siku za kufungua na kufunga shule nazo ni shida, kwa sababu wanafunzi wa bweni wanasafiri na masanduku na magodoro na kondakta anawapenda zaidi yako. Katika shule za serikali, mfumo wa TELA husajili mahudhurio ya mwalimu kwa simu ya shule. Haujui habari za mafuriko ya Bwaise, unaandika muda tu.

Jambo moja ambalo watu hawalipi uzito: upande unaoelekea. Anayekaa Kawempe na kufundisha Bombo au Wobulenzi anakwenda kinyume na msongamano, asubuhi na jioni. Kilomita zake zinaweza kuwa nyingi kuliko za mwenzake, na bado akafika mapema akiwa amekaa. Kama huna nyumba yako mwenyewe, kuhamia upande wa mjini na kufundisha nje ni dawa bora kuliko kuhangaika na mshahara.

Boda

Kwa safari nzima, usijaribu. Ni ghali na barabara hii ndiyo ya Gulu, yenye malori ya Sudan Kusini na mabasi yasiyo na huruma. Boda ina kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeifanya vizuri: ule mkia wa safari, kutoka lami hadi shule iliyojificha ndani. Ukikadiria umbali wa shule, pima na mkia huo. Shule "ya hapo hapo Matugga" inaweza kuwa kilomita tatu za vumbi kutoka steji. Programu za simu kama SafeBoda hukupa bei kabla hujapanda, ambayo ni faida kubwa mjini, lakini kadiri unavyotoka nje ya mji waendeshaji wanapungua. Huko tafuta mtu mmoja wa steji, mpatane kwa mwezi, mlipe kila Ijumaa. Ukimlipa mwezi mzima mbele, wiki ya tatu ataanza kuchelewa.

Pikipiki yako

Hii ndiyo tunayoipa alama za juu kwa mwalimu wa mchana anayesafiri zaidi ya kilomita 15, kwa masharti. Bajaj Boxer ikitunzwa haili sana. Tuchukue kilomita 45 kwa lita, kwa tahadhari. Bombo hadi Kawempe na kurudi ni kilomita 56, yaani lita 1.25. Petroli ikiwa 5,000, siku inakugharimu kama 6,250. Umeona? Ni sawa na taksi. Anayenunua pikipiki ili kuokoa nauli kwenye umbali huu hataokoa kitu, maana bado kuna oili (kwa kilomita 1,232 za mwezi, utaibadilisha kila miezi miwili hivi), mnyororo na meno yake, breki, matairi, bima na leseni. Unachonunua ni muda wa jioni na uhuru wa kutorudi Bwaise. Faida ya pesa huja ukifundisha shule mbili kwa siku moja, kama walimu wengi wa Kiswahili wanavyofanya, kwa sababu mruko wa kati ya shule ndio unaokula nauli na vipindi.

Koti la mvua liwe la vipande viwili. Lile la kujifunika linapeperuka na kushika tairi. Daftari za wanafunzi zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia kwenye begi. Na ukishaanza kusinzia jioni kwenye mteremko, hiyo ni dalili ya kurudi kwenye taksi, haijalishi pikipiki bado ina mkopo.

Nyumba ya shule

Kodi ya nyumba hakuna, nauli hakuna, na mara nyingi posho (ugali) na maharage ya mchana yapo. Kwa mwalimu kijana ni mpango mzuri kwa mwaka mmoja au miwili. Kabla ya kupokea ufunguo, uliza mambo ya senti kwanza: Yaka, umeme wa kulipia kabla, ni ya nani, yako au ya shule? Mita ni ya nyumba yako peke yako au mnachangia vyumba vinne, mmoja akipikia jiko la umeme? Maji yakikatika, tanki ni la walimu au la bweni? Choo mnatumia wangapi?

Kisha uliza kuhusu saa, kwa sababu hapo ndipo nyumba inapolipwa. Mwalimu anayelala shuleni ndiye anayeamshwa mtoto akiugua usiku wa manane, ndiye anayesimamia masomo ya usiku mwenzake anapokosa usafiri, na wiki yake ya zamu haina mwisho wa siku. Zamu moja kwa muhula si kitu. Zamu kila wiki ya nne, pamoja na masomo ya usiku mara mbili kwa wiki, ni kazi ya pili isiyo na mshahara. Na siku kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha: pata kwa maandishi muda wa kuhama. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano notisi ya mwezi mmoja, hivyo kuomba muda huo huo wa kuhama si kuomba makuu. Kinachoweza kuipandisha nyumba hii juu ya njia zote ni punguzo la karo kwa watoto wako. Kama una watoto wawili wa umri wa shule, lifanyie hesabu kabla ya kitu kingine chochote.

Ratiba na msongamano wa madarasa

Siku za kusafiri hazipangwi na mkuu wa shule. Zinapangwa na mkuu wa taaluma, huyo anayeitwa DOS. Zungumza naye kabla ya kusaini. Vipindi vyako vikikusanywa siku tatu badala ya tano, nauli ya 6,000 kwa siku inashuka kutoka 132,000 hadi kama 78,000 kwa mwezi, na siku mbili zinakuwa huru kwa shule nyingine. Hakuna mkuu wa shule atakayekuongezea 54,000 kwa urahisi kiasi hicho. Omba vipindi vya kwanza asubuhi wapewe wanaokaa karibu. Ratiba rasmi ya mtaala mpya inaanza vipindi saa mbili na nusu, ingawa shule nyingi huita watu mapema zaidi. Uliza saa halisi, usiulize ya kwenye karatasi.

Uliza pia mikondo ni mingapi. Mikondo mitatu ya S1 na mitatu ya S2, wanafunzi 80 kila mmoja, ni 480. Kazi moja ya tathmini endelevu, ile inayochangia asilimia 20 ya alama za UNEB, baraza la mitihani la taifa, ukiipa dakika mbili kwa mwanafunzi inakula saa 16. Hizo hazisahihishwi ndani ya taksi, wala karatasi 480 hazipandi boda. Shule ya mbali yenye mikondo miwili inaweza kukurudisha nyumbani mapema kuliko ya jirani yenye sita. (Mwalimu wa fizikia wa serikalini mwenye shahada, aliyepandishwa hadi milioni 4 kwa mwezi mwaka 2022, anaweza kuyapuuza haya yote na kununua gari. Sisi wa Kiswahili tumewekwa kundi la walimu wa masomo ya sanaa.)

Safari ya majaribio ifanywe Jumatatu asubuhi, shule zikiwa zimefunguliwa, kwa kufika langoni saa ambayo mwalimu wa zamu anafika. Kisha ifanywe ya kurudi, Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, ukianzia pale pale utakapokuwa unapandia. Ukisimama zaidi ya saa moja bila kiti, rudi kwenye hesabu na uongeze nauli ya tatu.