Jozani: ukishawaona kima punju, usikimbilie garini

Wageni wengi wa Jozani, hifadhi ya msitu kisiwani Unguja, hushuka garini saa tano, wakapiga picha na kima punju, na adhuhuri haijaingia wameshashika njia ya Paje. Kiingilio wamelipa kizima, hifadhi wameiona robo.

Siwalaumu sana, maana kima wenyewe wanavutia kweli. Kundi lililozoea watu halikai msituni ndani, liko kwenye miti ya mashambani upande wa kusini wa barabara, tena chini chini. Mmoja alikuwa kwenye tawi la mti wa mkungu karibu usawa wa macho yangu: mgongo mwekundu, midomo ya waridi, nywele nyeupe zimemsimama kichwani. Alikuwa anachuma majani machanga kwa vidole vinne, maana dole gumba hana la kusema. Matunda mabivu hayagusi, tumbo lake haliwezi sukari. Majani ya mkungu na ya mwembe nayo yana kemikali za kumdhuru, kwa hiyo kima wa mashambani hutafuna mkaa, wakiuokota kwenye visiki vilivyoungua na hata kwenye matanuri ya wachoma mkaa. Asili yao ni Unguja tu. Matokeo ya sensa yaliyotoka 2017 yalionyesha wako zaidi ya 5,000, wengi kuliko ilivyodhaniwa; wengi wao wanaishi ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, ila wengine wako nje ya mipaka, kwenye vichaka na mashamba ya watu. Ndiyo maana ya yale matuta barabarani. Dereva wako akiyalalamikia, mwambie.

Sasa ingia msituni. Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 50 hivi, na ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, lakini huo ndio msitu mkubwa wa asili uliobaki Unguja. Siri yake ni maji. Pembeni ni mwamba wa matumbawe wenye vichaka vikavu, ila hapa maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi, na masika sehemu za msitu hufurika. Mitondoo na michikichi imenawiri, kuna kivuli na ubaridi ambao dakika tano nyuma, barabarani, haupo. Paa nunga wamo pia, wanyama adimu ambao zaidi ya Unguja wanapatikana pwani ya Kenya tu. Usitegemee kuwaona, ni waoga mno.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni njia ya mbao kwenye mikoko ya Pete. Tulifika maji yamekupwa. Tope lilikuwa limejaa kaa wadogo, kila dume na gando moja kubwa analolipungia hewani, na ukikanyaga ubao kwa kishindo wote wanazama mashimoni kwa mpigo. Mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mkoko, imechomoza topeni kama penseli zilizopangwa. Mikoko hii na ile ya Ghuba ya Chwaka upande wa kaskazini ndiyo inayolea vifaranga vya samaki na kamba, kwa hiyo mvuvi wa Chwaka anaihitaji hifadhi hii kuliko mtalii. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya hifadhi hai (biosphere reserve) mwaka 2016.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya wageni wenzangu, wanaomsogezea kima simu mpaka puani ilhali wameambiwa wakae mbali.

Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mlangoni, huna haja ya teksi. Mkaazi bei yake ni nafuu kuliko ya mgeni, beba kitambulisho. Vaa viatu vya kufunika, jipake dawa ya mbu, nenda asubuhi mapema au alasiri maana mchana kima hujilalia. Na mikoko ukiitaka na kaa wake, ulizia kwanza maji yanakupwa saa ngapi.