Mtego wa nzi wa maembe: unafaa, lakini hautoshi peke yake

Mitego ya kopo yenye kivutio cha methili-eujenoli (kemikali ya harufu inayovuta nzi) inauzwa kwenye maduka ya pembejeo Malindi, na kwa mwenye miembe ya aina ya ngowe au apple inafaa kununuliwa. Ila jueni inanasa nini: madume tu ya Bactrocera dorsalis, nzi aliyeonekana Kenya mara ya kwanza 2003. Jike, ndiye anayetoboa ganda na kutaga, haji. Kopo likijaa usidhani shamba limepona.

Kagueni kama ndani mna kipande cha dawa ya kuua. Bila hicho nzi huingia, hula harufu, kisha hutoka. Tundikeni kivulini, kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, majani yasiguse matundu. Anzeni embe zikiwa bado changa, mkisubiri ziive mmechelewa. Kivutio hubadilishwa kila baada ya wiki sita hivi. Joto letu la pwani hukikausha upesi.

Pakeni grisi kwenye waya wa kutundikia kopo, la sivyo sisimizi watabeba nzi na hesabu yenu itadanganya. Lakini maji moto, wale chungu wekundu wanaosuka viota vya majani juu ya mwembe, msiwaue! Hao humfukuza jike asitage.

Kasoro kubwa ni kuuzwa bila maelezo. Muuzaji angesema pia: embe zilizodondoka ziokoteni kila siku, mzifunge ndani ya mfuko mweusi na kuuanika juani mpaka funza wafe. Na kwa jike, nunueni chambo cha protini, kinyunyizwe madoadoa kwenye majani, si mti mzima.