Uzoefu wangu: nimetoa platini kwenye Beetle ya 1972 na kufunga moduli ya kielektroniki

Beetle hii ya Volkswagen, injini ya 1600, aliniachia marehemu baba, kwa hiyo kuiuza halikuwa jambo la kujadili. Ilinisumbua miezi minne kwa ugonjwa mmoja: asubuhi inawaka vizuri, ikishatembea kama dakika arobaini inaanza kumisi, inalipua kwenye ekzosi, inazima. Ikipoa nusu saa, inawaka tena. Kila fundi aliniambia petroli inachemka kwenye pampu. Nikawa natembea na chupa ya maji na tambara la kuilowesha pampu. Nikabadilisha pampu, nikasafisha kabureta, hela zikaenda na ugonjwa ukabaki.

Aliyeugundua ni fundi mmoja mzee pale Chalinze, usiku, nikirudi Dar kutoka Morogoro. Gari limezima, giza limeingia. Akatoa kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, pamoja na roto inayozunguka ndani yake, akamwambia kijana wake apige stata, kisha akaniambia, "Mwanangu, zima hiyo tochi uangalie hapa." Kila platini, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kuunga na kukata umeme, zilipoachana, cheche nene ya bluu iliruka katikati yake. "Moto unaishia hapa, kwenye plagi haufiki. Kondensa imekufa." Akachokora kopo lake la spea kuukuu, akafunga kondensa iliyochakaa kuliko gari lenyewe, na tukawasha palepale.

Kazi ya kondensa ni kuumeza umeme pale platini inapoachana, ili sumaku ya koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri, iporomoke ghafla na kuzaa maelfu ya volti kwa ajili ya plagi. Ikiwa mbovu, umeme unarukia kwenye platini, unaziunguza, na plagi zinapata cheche dhaifu ya njano. Ukiitazama kondensa yenyewe huoni kitu, na nyingine hufa zikipata joto tu, ndiyo maana sisi wote tulikuwa tunakimbilia petroli. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ile iliyokufa ilikuwa mpya. Nikanunua nyingine mbili: moja ilidumu wiki tatu, ya pili waya wake ulikuwa unacheza tangu dukani. Hapo nikaamua kuachana na platini kabisa.

Moduli niliyonunua inakaa ndani ya distributa mahali pa platini na kondensa, na kipete cha sumaku kinavaa kwenye shafti chini ya roto. Imenigharimu kama laki mbili na nusu pamoja na usafirishaji. Si hela ndogo. Nyaya zake ni mbili tu: nyekundu kwenye koili pale penye namba 15 (chanya), nyeusi penye namba 1 (hasi). Ukizigeuza, umeiua. Angalia pia umeme wa gari lako, maana Beetle nyingi za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilitoka na volti 6, na moduli ya volti 12 huko haifai.

Nawaomba sana, kabla ya kufunga chukueni mita mpime. Koili yangu ilisoma omu 3.2, na moduli yangu inataka zisipungue 3. Lakini pale namba 15, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa na platini zimegusana, nilikuta volti 10 wakati betri ina zaidi ya 12. Umeme ulikuwa unapotelea kwenye viungio vyenye kutu huku mbele kwenye fyuzi. Nilivipiga msasa kimoja kimoja, ikapanda hadi karibu 12. Ningefunga moduli juu ya kutu ile, leo ningekuwa naisema vibaya bure.

Kufunga kulichukua saa moja, taimingi, yaani kupanga plagi zitoe cheche wakati gani, ikachukua muda zaidi. Distributa yangu ni Bosch 009, tukaiweka nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, tukahakikisha nyaya za plagi zinafuata mpangilio wa silinda kuwaka, 1-4-3-2.

Sasa ni mwezi wa saba tangu niifunge. Asubuhi linawaka mara ya kwanza, na sailensa imetulia. Zamani platini zikisagika, nafasi yake ilipungua kutoka ile milimita 0.4 na taimingi ikachelewa, nikawa narudi kwenye distributa kila baada ya muda. Kero hiyo imekwisha. Mafuta sikuyapima, kwa hiyo sitasema yamepungua. Ubaya wake upo: moduli ikifa njiani hakuna cha kukwangua wala kurekebisha, na ukiacha swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa unaweza kuiunguza. Vijana wa kuosha magari wanapenda kusikiliza redio, kwa hiyo ufunguo siwaachii.

Morogoro nimekwenda na kurudi mara tatu, mara ya mwisho kwa jua la mchana la Februari, bila tambara wala chupa ya maji. Nilisimama Chalinze kumsalimia yule mzee na kumrudishia kondensa yake. Akaikataa. Akasema ikae garini pamoja na platini zangu za zamani, na ndipo zilipo, zimefungwa kwenye nailoni chini ya kiti.