Ndoo imejaa, simu inasema imeshachukuliwa

Ningeandika maoni haya wiki ya kwanza, ningewamwagia sifa hawa wenye huduma ya choo cha ndoo. Choo hakinuki! Nilikuwa nainama kukinusa, siamini. Siri yenyewe ndogo: mkojo unaelekea mbele kwenye dumu lake, kinyesi kinadondoka nyuma kwenye ndoo, unakifunika kwa kopo la maranda, basi. Vikichanganyika ndipo amonia inapofumuka, ile inayochoma pua. Maji hutumii hata tone, wakati vyoo vya kuvuta vinakunywa lita kadhaa kila mara, hata kwa mkojo wa mtoto.

Sasa njoo kwenye ndoo. Choo ni sanduku tu. Unacholipia ni mtu aje mara mbili kwa wiki, achukue iliyojaa, aache safi. Siku moja hakuja. Zamu iliyofuata, kimya. Nyumbani tuko watano. Ndoo ikafika shingoni, kifuniko kikagoma kukaa, nami nikaanza kuwaambia watoto "bana kidogo", utadhani tumbo lina ratiba.

Nikapiga simu. Binti akapokea kwa sauti tamu: "Mfumo unaonyesha ndoo yako imeshachukuliwa, mteja wetu."

"Mwanangu, nimesimama mbele yake."

"Labda unaangalia mpya."

Mpya! Nikamwambia mpya haina nzi. Akataka picha. Nikapiga picha mzigo wa ukoo mzima, nikatuma, likarudi jibu la mashine: asante kwa maoni yako, unatupa nyota ngapi?

Niliwapa moja kwa sababu sifuri haikuwepo.

Ukiwasikia wanavyojinadi! Funza wa nzi askari mweusi wanakula kinyesi, kisha wao wenyewe wanakuwa chakula cha kuku. Mboji inapanda joto kupita nyuzi 55 mpaka mayai ya minyoo yanakufa. Sikatai, hayo ni kweli. Lakini funza wenu watakula nini ikiwa chakula chao kiko chooni kwangu?

Kijana wa kuzoa alikuja siku kadhaa baadaye, mkokoteni tairi moja limefungwa mpira wa baiskeli, glovu zimetoboka kidole gumba. Nilikuwa nimejiandaa kumchamba. Kumbe kila ndoo ina kibandiko anachokisoma kwa simu, na asipokisoma kabla ya jioni siku yake haihesabiwi. Tairi lilipasuka. Akasoma vibandiko kutoka kwenye picha alizohifadhi, changu kikiwemo, ili asikose ujira, akitumaini kupita kesho yake. Alinieleza hayo huku ameinama. Uongo ni uongo, nilimwambia hivyo, ila hasira ilikuwa imeshapungua nusu.

Akabeba ndoo ile bila kukunja uso. "Mama, nyinyi mnatia maranda ya kutosha," akasema. "Kuna nyumba wanachanganya na mkojo, ukinyanyua tu inakumwagikia." Na glovu zenyewe ndizo zile.

Sasa nyota nazigawaje? Choo nakipa tano. Kijana nne, moja namkata kwa ule uongo, au basi, namrudishia. Waliomfanya achague kati ya ujira na ukweli, ile moja yenyewe naidai. Ujumbe wa kusitisha huduma nimeuandika mara mbili nikaufuta. Leo ni zamu yake, ndoo iko robo tatu.