Kamera ya filamu kubwa kwa lenzi pana: kagua mvukuto kabla ya kulipa

Meseji ninazopata kutoka kwa wapiga picha wa Mwanza zinafanana mno: "Dada, nimenunua kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5, nimefunga lenzi ya milimita 90, mbona upande mmoja wa picha hauko kwenye fokasi?" Wengi wanailaumu lenzi. Mara nyingi tatizo ni mvukuto, ile ngozi ya mikunjo iliyo kati ya lenzi na filamu.

Ukipiga kitu cha mbali, lenzi hii pana ya 90 inakaa kama sentimita 9 tu kutoka kwenye filamu. Mvukuto unaoweza kunyooka sentimita 30 unabanwa wote hapo, unakakamaa, unaanza kuisukuma fremu ya mbele, ile inayoshika lenzi. Sasa simama chini ya mlima wa Igogo upige zile nyumba zilizopanda juu ya mawe. Ukiinua pua ya kamera, kuta zitalala nyuma. Dawa ni kuiacha kamera wima na kupandisha fremu ya mbele peke yake. Mvukuto uliobanwa unakataa, au unakubali huku ukiipinda fremu kidogo sana. Kwenye kioo cha nyuma unachotazamia huoni kitu. Filamu ikishasafishwa ndipo unaona.

Sura na mwaka wa kutengenezwa sivigusi. Mnavijua.

Kamera ya kwanza kwangu kwa lenzi pana ni Sinar F, F1 au F2, na sifichi mapenzi yangu. Mvukuto wake unachomoka mbele na nyuma, unaweka ule laini wa mfuko usio na mikunjo, na fremu inapanda bila kupigana nawe. Hata lenzi ya 75, iliyo pana zaidi, inatembea vizuri. Ni nzito kupanda nayo mawe, lakini beba.

Ya pili ni Chamonix, mbao na kaboni, nyepesi kwa safari ya Ukerewe. Nayo inabadilishwa mvukuto, ila hakikisha unapewa ule wa lenzi pana.

Crown Graphic ni ya bei nafuu na sakafu yake ya mbele, chini ya lenzi, inashuka isionekane kwenye picha, lakini fremu inapanda kidogo tu. Usichukue Speed Graphic: pazia la shata nyuma limeunenepesha mwili wake. Intrepid kwa lenzi ya 150, isiyo pana, sawa.

Kama tayari una kamera inayokubali kubadilishwa mvukuto, shona wa mfuko. Fundi wa mikoba anaweza: kitambaa cheusi kizito tabaka mbili, mshono wa ndani usikutane na ule wa nje, kisha gundi kwenye fremu mbili za plastiki ngumu. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ndani ya mfuko, zungusha taratibu. Ukiona nukta ya mwanga, hasa kwenye kona, ongeza kitambaa. Kibao cha lenzi, kile lenzi inapofungwa, kikiwa cha kuzama ndani kinasaidia pia, ingawa vidole vinapata shida kufikia shata.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa mtandaoni. Wanachomoa mvukuto wa mfuko kwenye Sinar na kuuuza peke yake kwa bei ya kukomoa. Wanaandika "hali nzuri sana" bila picha hata moja ya ndani ya mvukuto. Ukiomba, wananyamaza. Wewe huku ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, halafu VAT asilimia 18 juu ya hesabu hiyo, kwa hiyo kifurushi cha pili cha kufuata mvukuto kinakuumiza upya. Nunua vyote kwa muuzaji mmoja, kwenye boksi moja. Mtake apige picha kamera ikiwa na lenzi ya 90, fokasi ikiwa mbali, fremu ya mbele imepandishwa. Asipotaka, usitume hela.